Je, Wajua? Mbiu ya Waifai na Mrithi wa Safu ya Kwanza

Mtu amekaa chini ya kituo cha waifai hapa Usagara, jijini Tanga. Mistari ya simu yake imejaa yote, na bado barua pepe yenye kiambatisho kimoja inachukua dakika nzima kuondoka. Wengine hulaumu kifurushi, wengine mvua. Mara nyingi sababu iko kwenye mipangilio ya kifaa kimoja kilichofungiwa kabatini: kidhibiti, kinachoongoza vituo vyote vya waifai vya taasisi. Humo ndani mna maamuzi mawili mazito. Nani aseme kwa kasi gani hewani? Na kidhibiti kikizimika, nani ashike usukani? Yafuatayo ni mambo yanayofaa kujuliwa na kila mwenye shule, zahanati, hoteli au ofisi anayelipia mtandao.

Je, wajua kwamba waifai ina mpiga mbiu?

Mbiu ya mgambo ikilia, kuna jambo. Kila kituo cha waifai nacho hupiga mbiu mchana na usiku, hata chumba kikiwa kitupu: mimi ni mtandao fulani, niko chaneli fulani, masharti yangu ni haya. Kwa kawaida mbiu hiyo hurudiwa kila baada ya milisekunde 102.4, yaani karibu mara 10 kwa sekunde. Jina la mtandao unaloliona kwenye simu linatoka humo.

Mpiga mbiu wa kijijini hasemi haraka haraka. Huvuta maneno ili hata aliye shambani, mbali na nyumba, asikie. Waifai hufanya vivyo hivyo: mbiu hutolewa kwa kasi ya chini kabisa miongoni mwa zile ambazo kidhibiti kimezitaja kuwa za lazima. Kidhibiti kisipoguswa tangu kitoke dukani, mara nyingi kasi hiyo kwenye masafa ya gigahezi 2.4 ni megabiti 1 kwa sekunde, kasi ya kiwango cha kwanza kabisa cha waifai kilichotolewa mwaka 1997.

Je, wajua kwamba mbiu zinaweza kula karibu nusu ya hewa?

Tuchukue shule yenye vituo 4 vinavyosikiana kwenye chaneli moja. Kila kituo kinatangaza majina 5: walimu, wanafunzi, wageni, uhasibu na kamera. Hizo ni mbiu 20, kila moja mara 10 kwa sekunde. Mbiu ya baiti 250 ikisomwa kwa megabiti 1 huchukua takribani milisekunde 2.2. Zidisha, upate milisekunde 440 katika kila sekunde. Asilimia 44 ya hewa imekwisha, na hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyefungua ukurasa.

Sasa fundi aingie kwenye kidhibiti na kupandisha kasi ya chini ya lazima hadi megabiti 12. Mbiu ileile huchukua chini ya milisekunde 0.2, na zote 20 kwa pamoja hula asilimia 4 hivi. Akipunguza majina kutoka 5 hadi 2, zinabaki chini ya asilimia 2. Shule haijanunua kifaa wala haijaongeza kifurushi. Imerudishiwa hewa yake tu.

Je, wajua kwamba hewani husema mmoja kwa wakati?

Kwenye chaneli moja, vifaa vyote hupokezana. Kila kimoja husikiliza kwanza, kikikuta kimya ndipo kinasema. Pakiti ya baiti 1,500 ni biti 12,000. Kifaa kinachosema kwa megabiti 54 huimaliza kwa milisekunde 0.22 hivi. Kifaa kinachosema kwa megabiti 1 huhitaji milisekunde 12, na muda wote huo wengine wamenyamaza.

Ni kama foleni ya bombani, kila mtu ndoo moja. Zamu ziko sawa kwa ndoo, lakini mmoja akikinga kwa maji ya tone tone, wenye ndoo zote nyuma yake wanachelewa pamoja naye. Ndiyo maana simu moja iliyo nje ya ukuta, inayoshika mtandao kwa shida, huweza kuwachelewesha watu 30 walio ndani.

Je, wajua kwamba kila kasi hupewa hadhi yake?

Kwenye masafa ya gigahezi 2.4, kasi za asili ziko katika makundi mawili. La zamani lina megabiti 1, 2, 5.5 na 11. Lililofuata lina 6, 9, 12, 18, 24, 36, 48 na 54. Kila moja fundi anaweza kuipa hadhi moja kati ya tatu. Kasi ya lazima ni ile ambayo kifaa kisichoijua hakiingii kabisa. Kasi ya ruhusa, anayeiweza huitumia. Kasi iliyozimwa haitumiwi na mtu.

Mpangilio unaopendwa na mafundi wengi ni kuzima zote zilizo chini ya 12, kuifanya 12 kuwa ya lazima, na kuacha zilizo juu yake kwa ruhusa. Lakini kila kasi inayozimwa ina mtu wake. Kifaa kinachojua kiwango cha mwaka 1999 pekee, kama mashine ya zamani ya kusoma lebo za bohari, hakitaingia tena. Na anayekaa kwenye kibaraza cha mwisho, ambako sauti ya megabiti 12 haifiki, atapotewa na mtandao alioupata jana. Fundi mwema huzunguka kwanza na simu mkononi, akajua nani anakaa wapi na anatumia nini, ndipo akazima. Pale ambapo kuna mtu atakayeachwa, kituo kimoja zaidi karibu naye ni haki yake.

Je, wajua kwamba kuongeza nguvu ya kituo hakumsaidii aliye mbali?

Mnadi mwenye kipaza sauti husikika soko zima. Mteja aliye mwisho wa soko akimjibu kwa mdomo mtupu, mnadi hasikii kitu. Simu nayo kwa kawaida hurusha kwa nguvu ndogo kuliko kituo, kwa sababu inaishi kwa betri. Ukipandisha nguvu ya kituo, simu itaonyesha mistari mingi, lakini majibu yake hayatafika, na kila pakiti isiyofika hurudiwa tena na tena. Jibu ni vituo vingi vinavyosema kwa sauti ya wastani, kila kimoja karibu na watu wake. Nyumba zetu nazo zina neno hapa: ukuta mnene wa mawe ya matumbawe hupunguza mawimbi, na bati huyarudisha yalikotoka.

Je, wajua kwamba chaneli zisizogombana ni tatu tu?

Masafa ya gigahezi 2.4 yana chaneli nyingi kwenye orodha, lakini zimepangwa kwa kubanana hata jirani anamwingilia jirani. Zinazokaa bila kugusana ni ya 1, ya 6 na ya 11. Anayechagua ya 3 akidhani ameikimbia ya 1 huwa amewasumbua wa 1 na wa 6 kwa pamoja.

Je, wajua kwamba simu ndiyo inayochagua kituo?

Waja leo, waondoka leo, husema watu wa Tanga. Kwenye waifai, uamuzi wa kuondoka ni wa simu yenyewe. Kidhibiti kinaweza kushauri, lakini simu nyingi hung'ang'ania kituo cha kwanza hata mwenyewe akiwa amevuka ua na kusimama chini ya kituo kingine. Hapa ndipo kuzima kasi za chini kunasaidia mara ya pili. Simu ikikosa kasi ya polepole ya kujishikiza, huachia mapema na kutafuta kituo kilicho karibu.

Je, wajua kwamba waifai imewahi kuvuka kilomita 382?

Mwaka 2007, nchini Venezuela, Ermanno Pietrosemoli na wenzake waliunganisha vilele viwili vya milima vilivyoachana kilomita 382 kwa vifaa vya waifai. Ni umbali unaozidi barabara ya Tanga hadi Dar es Salaam. Walichopata ni takribani megabiti 3 kwa sekunde kila upande. Umbali na kasi ni kama shuka fupi: ukivuta huku, kule kunabaki wazi. Kulikuwa na kikwazo kingine. Wimbi huchukua zaidi ya milisekunde 1 kwenda umbali huo, na waifai ya kawaida huwa imekwisha kata tamaa ya kupata jibu. Ilibidi programu ya vifaa ibadilishwe ili vijue kusubiri.

Je, wajua kwamba bamvua huweza kukata mtandao?

Mawimbi yanayorushwa juu ya bahari hufika kwa njia mbili: moja kwa moja, na kwa kudunda kwenye uso wa maji. Njia hizo zikikutana vizuri, huongezeana nguvu. Zikikutana vibaya, hufutana. Pwani ya Tanga maji ya bamvua hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3 kwa muda wa saa 6 hivi, na uso huo, ulio kama kioo kwa mawimbi, husogea nayo. Kiungo kilichopimwa saa 4 asubuhi na kuonekana safi kinaweza kuzorota saa 10 jioni, bila antena kutikisika. Anayerusha mtandao kuvuka ghuba apime wakati wa maji mafu na wakati wa bamvua, maji yakiwa yamejaa na yakiwa yamekupwa. Mafundi wengine hufunga antena mbili kwenye mlingoti mmoja, kwa kimo tofauti, ili moja ikizibwa nyingine isikie.

Je, wajua kwamba haya yote yalianzia visiwani?

Babu wa waifai ni mtandao wa ALOHA wa Chuo Kikuu cha Hawaii, uliowashwa Juni 1971 chini ya Norman Abramson. Chuo kilikuwa na matawi kwenye visiwa mbalimbali, na kompyuta kubwa ilikuwa kisiwa kimoja. Kila kifaa kilisema kikitaka. Sauti mbili zikigongana, kila kimoja kilisubiri muda wa kubahatisha kisha kikarudia. Mpango huo ulikuwa mwepesi, lakini kikomo chake kilikuwa kutumia asilimia 18 tu hivi ya uwezo wa chaneli. Waifai iliongeza adabu moja: sikiliza kabla ya kusema.

Je, wajua kwamba mkonge wa Tanga uliokolewa na akiba?

Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Iliyofika hai na kupandwa jirani na Pangani ilikuwa 62. Kwenye hiyo 62 ndiko kulikosimama kilimo kilichoupa mkoa wa Tanga jina lake duniani. Angeagiza miche 10, kwa vifo vile vile huenda usingebaki hata mmoja. Akiba haiozi, na anayepanga mtandao hupanga kwa fikra hiyo: ahesabu kwanza kitakachokufa njiani.

Je, wajua kwamba mnara mmoja uliwahi kuwa shabaha ya kwanza?

Tarehe 8 Agosti 1914, siku chache baada ya vita vya kwanza vya dunia kuanza, manowari ya Uingereza HMS Astraea ilifyatua mizinga Dar es Salaam. Shabaha yake ilikuwa kituo cha redio cha Wajerumani. Novemba mwaka huo huo vita vikafika Tanga yenyewe. Adui hutafuta mahali ambapo pigo moja hunyamazisha wote. Kwenye taasisi nyingi leo mahali hapo ni kidhibiti kimoja kabatini, na adui ni joto, vumbi na umeme unaorudi kwa kishindo.

Je, wajua kwamba kituo hukumbuka viongozi watatu?

Vituo huzungumza na kidhibiti kwa utaratibu uitwao CAPWAP, uliotangazwa rasmi mwaka 2009. Amri hupita mlango namba 5246 na data za watu mlango 5247. Fundi anaposema mlinzi wa mtandao afungue milango miwili, huwa anataja hiyo. Kwenye vifaa vya kampuni ya Cisco, kila kituo kinaweza kuandikiwa kidhibiti cha kwanza, cha pili na cha tatu. Kwa mpangilio wa kiwandani, kituo humjulia hali kiongozi wake kila sekunde 30. Asipojibu, kituo hukata shauri na kuhamia kwa anayefuata. Vituo vya tawi la mbali vinaweza pia kupangwa viendelee kuwahudumia waliopo hata njia ya makao makuu ikikatika.

Je, wajua kwamba msikiti umejua urithi huu tangu zamani?

Katika swala ya jamaa, imamu akitenguka udhu katikati hujitoa na kumvuta mbele mmoja wa waliosimama nyuma yake. Huyo haanzi upya. Anaendelea kutoka pale pale palipoachwa, kwa sababu alikuwa kwenye safu tangu takbira ya kwanza na kila rakaa alikuwa nayo. Maamuma hawavunji swala.

Vidhibiti vilichukua muda kufika hapo. Cisco ilipotoa toleo la 7.3 la programu yake mwaka 2012, kidhibiti cha akiba kiliweza kurithi vituo bila kuvianzisha upya, lakini watu waliounganishwa walitolewa nje na kulazimika kuingia tena. Mrithi alivijua vituo, hakuwajua watu. Toleo la 7.5 la mwaka 2013 liliziba pengo hilo: sasa cha akiba kinanakili pia orodha ya waliomo, kila mmoja na hali yake, muda wote kikiwa kimya. Vidhibiti hivyo viwili hujuliana hali mara 10 kwa sekunde, kila milisekunde 100. Muuguzi anayezungumza kwa simu ya waifai wodini anaweza asijue kabisa kwamba usukani umebadilisha mikono.

Je, wajua kwamba warithi wawili ni hatari kuliko kukosa hata mmoja?

Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Waya wa kujuliana hali ukikatika, kidhibiti cha akiba hudhani mwenzake amekufa, kumbe yuko hai. Vyote viwili hushika usukani, kwa jina moja na anwani moja, na vituo havijui vimtii nani. Kwa sababu hiyo vidhibiti hupewa njia ya pili ya kuulizana: njia ya kwanza ikiwa kimya, cha akiba humtafuta mwenzake kupitia mtandao wa kawaida kabla ya kujitangaza. Anayefunga vidhibiti viwili kwa waya mmoja tu amefanya nusu ya kazi.

Je, wajua kwamba mbili huweza kuwa moja?

Kifaa kinachopatikana kwa asilimia 99 huwa kimezimika siku 3 na saa 15 hivi kwa mwaka. Ukiweka viwili vya namna hiyo, kimoja kikimrithi mwenzake, hesabu hupanda hadi asilimia 99.99, na muda wa kukosekana hushuka hadi dakika 53 kwa mwaka. Lakini hesabu hiyo ina sharti moja: visife pamoja.

Tarehe 12 Mei 2024 Afrika Mashariki ilionja maana ya sharti hilo. Mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, iliyokuwa ikichukuliwa kuwa kila mmoja ni akiba ya mwenzake, ilikatika yote upande wa kusini, kaskazini mwa Durban, Afrika Kusini. Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Mikongo ilikuwa miwili, lakini pale chini ya bahari ilipita jirani kwa jirani. Nchi kavu, Mkongo wa Taifa umejengwa kwa mizunguko, na ule wa kaskazini hupita Tanga. Ukikatwa upande mmoja, data huzunguka na kufika kwa upande wa pili.

Kipimo hicho hicho kinafaa kabati la Usagara. Ukikuta vidhibiti viwili vimelala rafu moja, vimechomekwa kwenye soketi moja, vinanywa umeme wa Luku moja na kupoozwa na feni moja, hapo pana kidhibiti kimoja kilichonunuliwa mara mbili. Kimoja kihamie jengo lingine, kipate umeme wa njia nyingine na waya unaopita mtaro mwingine.

Je, wajua namna ya kumjua mrithi wa kweli?

Chagua Jumamosi asubuhi, watu wakiwa wamearifiwa. Mtu mmoja apige simu ya waifai akiwa ukumbi wa mwisho na ahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, mwingine akimsikiliza upande wa pili. Fundi aende kabatini na kuchomoa waya wa umeme wa kidhibiti cha kwanza kwa mkono wake. Hesabu ikifika hamsini bila kuruka namba, mrithi yupo. Ikikatika kwenye kumi na saba, afadhali imekatika leo, fundi akiwa amesimama hapo na waya mkononi, kuliko usiku wa mtihani au usiku wa zamu ya wodini. Kisha aurudishe waya, angoje vidhibiti vinakiliane upya, akichomoe na cha pili.